Daftari la Mgonjwa na Rejista ya Serikali: Uandikaji wa Huduma za Tiba Kware na Kajiado

Rekodi ya matibabu ni maandishi yanayoeleza mgonjwa alilalamikia nini, mhudumu aliona nini alipompima, aliamua nini, akampa dawa gani na kwa kipimo gani, na hali ikawaje baada ya hapo. Maandishi hayo yana wasomaji wengi wasiofanana: muuguzi wa zamu ya usiku anayeipokea wodi, daktari wa hospitali ya rufaa ambaye hajawahi kumwona mgonjwa huyo, mgonjwa mwenyewe, ofisi ya afya ya kaunti, bima inayolipa, na mara nyingine hakimu. Uchambuzi huu unaitazama kazi hiyo kutoka Kware, mtaa wa Kaunti ya Kajiado wenye jina la machimbo ya mawe, pamoja na mji wa Kitengela, na hoja yake ni kwamba kasoro kubwa ya rekodi za afya nchini Kenya si uchache wa maandishi, kwa maana huandikwa mengi mno, bali ni kuwa maandishi hayo yamepangwa kumjibu msomaji aliye mbali, huku yule aliye karibu zaidi na mgonjwa akiachiwa makombo.

Mazingira yenyewe yanaeleza sehemu ya tatizo. Kaunti ya Kajiado ilikuwa na watu 687,312 katika sensa ya 2009 na 1,117,840 katika sensa ya 2019, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitua katika miji iliyoegemea Nairobi, yaani Kitengela, Ongata Rongai, Ngong na Kiserian, ambako nyumba za kupanga hujaa vibarua, wafanyakazi wa viwandani na wafanyabiashara wadogo wanaohama kazi inapohama. Upande wa pili wa kaunti hiyo hiyo wako wafugaji Wamaasai ambao hufuata malisho, na ambao katika ukame mkali wa 2021 na 2022 walilazimika kwenda mbali zaidi na kawaida yao. Tena Kitengela imepakana na Mavoko, ambayo iko Kaunti ya Machakos, na huduma za afya zilipogatuliwa mwaka 2013 kwa mujibu wa Katiba ya 2010, kila kaunti ilibaki na hospitali zake, wafanyakazi wake na makabati yake ya faili. Mkazi wa Kware anaweza, katika mwezi mmoja, kununua dawa kwenye kemisti ya mtaani, kutibiwa katika kliniki ya binafsi, kwenda zahanati ya serikali, kisha kupewa rufaa hadi hospitali iliyo katika kaunti nyingine, na katika vituo hivyo vyote asipatikane mhudumu hata mmoja aliyesoma alichoandika mwenzake.

Kinachomwokoa mgonjwa huyo, pale anapookoka, ni daftari. Katika zahanati na vituo vingi vya afya vya umma nchini Kenya mgonjwa wa nje, yaani yule asiyelazwa, huja na daftari la shule alilolinunua dukani, ambamo tabibu huandika tarehe, malalamiko, vipimo vilivyoagizwa na dawa, kisha mgonjwa huondoka nalo. Maofisa wengi hulidharau na kuliona kama dalili ya umaskini wa mfumo, na ni kweli kwamba lina udhaifu: hunyeshewa, hupotea nyumba inapohamwa, hufunguliwa na mume au mama mkwe asiyehusika, na mgonjwa anayetaka maoni ya daktari wa pili bila kumwudhi wa kwanza hununua jingine jipya na kulificha la zamani. Hata hivyo, ndilo andiko la tiba linalovuka mpaka wa Kajiado na Machakos bila kuomba ruhusa ya yeyote, na limepangwa kumfuata mtu badala ya kufuata tarehe au jengo. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Afya ya mkazi wa Kware imo katika hatari hiyo hiyo, ila hapa daftari lipo, na kinachokosekana ni taasisi inayolitambua kuwa ni rekodi halali inayostahili kupangwa, kuchapwa na kutunzwa.

Kwamba jambo hilo linawezekana imekwisha kuthibitishwa na Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto, ambacho katika orodha ya fomu za Wizara ya Afya hujulikana kwa namba MOH 216. Kijitabu hicho hubeba mahudhurio ya kliniki ya wajawazito, taarifa za kujifungua, mstari wa ukuaji wa mtoto kwa uzito na umri, na ratiba ya chanjo kuanzia ile ya kifua kikuu anayopewa anapozaliwa, zile za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, hadi ya surua na rubela katika miezi 9 na 18. Wazo la kumkabidhi mama rekodi iliyochapwa si geni duniani, kwani Japani ilianza kutoa kijitabu cha namna hiyo mwaka 1948. Akina mama hukitunza kwa sababu kila wakienda kliniki kinaulizwa, kinasomwa mbele yao na kuandikwa jambo wanaloelewa, na hapo ndipo ulipo msingi wa utunzaji wote wa rekodi: andiko hutunzwa na anayeona kuwa linatumika. Mtoto akivuka miaka mitano, hata hivyo, serikali humwacha aende dukani kununua daftari la mistari.

Kituo cha afya nacho kina vitabu vyake, na hivi ni vingi. Mgonjwa wa nje aliye chini ya miaka mitano huandikwa katika rejista MOH 204A na aliyezidi umri huo katika MOH 204B. Wajawazito wana rejista yao, wodi ya kujifungulia ina yake, chanjo ina yake, na kila mwisho wa mwezi mistari ya rejista hizo huhesabiwa na kuhamishiwa katika fomu za muhtasari, kwa mfano MOH 705A na 705B zinazojumlisha magonjwa, kisha takwimu huingizwa katika mfumo wa kompyuta unaoendeshwa kwa programu ya DHIS2, ambao Kenya ilianza kuutumia nchi nzima mwaka 2011. Faida ya mfumo huo haifai kubezwa, kwa sababu ndio unaowezesha wizara kuona ugonjwa wa kuhara unapopanda katika kaunti ndogo fulani, kukadiria chanjo zinazohitajika, na kulinganisha mwaka na mwaka. Tatizo ni kwamba rejista imepangwa kwa tarehe na kila mtu ana mstari mmoja, kiasi kwamba ukurasa ukishafunuliwa, historia ya mtu huzikwa chini ya majina ya wengine.

Madhara yake huonekana wazi zaidi katika magonjwa yanayokwenda polepole. Mchongaji mawe anayekohoa akifika zahanati mara tatu katika miezi mitatu, na kila mara akapokewa na mhudumu tofauti, huacha mistari mitatu katika kurasa tatu, yote ikitaja maradhi ya njia ya hewa. Na akienda vituo vitatu tofauti, takwimu za kaunti zitapata wagonjwa wapya watatu. Mistari hiyo haina nafasi ya kueleza kwamba mtu huyo amevuta vumbi la mawe kwa miaka mingi, jambo ambalo lingemfanya tabibu makini afikirie makovu ya mapafu yanayoletwa na vumbi, au kifua kikuu, ambacho huwashambulia kwa urahisi zaidi wenye mapafu yaliyoathiriwa na vumbi la aina hiyo. Mgonjwa ameandikwa kila alipofika, kwa hati nzuri pengine, na ripoti ya mwezi imepelekwa kwa wakati, na bado hakuna mahali maradhi yake yanapoweza kusomeka.

Tatizo hilo limewahi kutatuliwa kwingineko, na si kwa kompyuta. Katika Mayo Clinic ya Marekani kila daktari alikuwa na leja yake, na mgonjwa aliyeonwa na madaktari watatu alikuwa na maelezo yake katika vitabu vitatu, hadi mwaka 1907, wakati Dk. Henry Plummer alipoanzisha utaratibu wa kumpa kila mgonjwa namba moja na faili moja inayomfuata kokote aendako ndani ya taasisi. Mwaka 1968 Dk. Lawrence Weed naye alichapisha hoja kwamba faili haitoshi ikiwa ni rundo tu la karatasi, akapendekeza maandishi yapangwe kwa kufuata matatizo ya mgonjwa, na kutokana na kazi yake ukaenea muundo wa sehemu nne unaofundishwa hadi leo kwa kifupisho cha SOAP: anachosema mgonjwa, anachokiona na kukipima mhudumu, tathmini ya mhudumu kuhusu tatizo, na mpango wa tiba. Si haki kudai kwamba zahanati inayohudumia mtaa kama Kware ifanane na Mayo, lakini ni haki kusema kwamba kwa upande wa mgonjwa wa nje, rejista ya Kenya iko pale Mayo ilipokuwa kabla ya 1907, ikiwa na kasoro nyingine juu yake, kwa kuwa leja ile angalau ilisomwa tena na daktari aliyeiandika.

Kuna aina ya maandishi ambayo ni sehemu ya tiba yenyewe, na mfano wake bora ulizaliwa barani Afrika. Mwaka 1972 R. H. Philpott na W. M. Castle, wakifanya kazi katika nchi iliyoitwa Rhodesia wakati huo, ambayo leo ni Zimbabwe, walitoa patografu, yaani chati moja inayoonyesha maendeleo ya uchungu wa kujifungua: kufunguka kwa mlango wa uzazi, mapigo ya moyo wa mtoto, nguvu ya uchungu, na hali ya mama. Chati hiyo ilichorwa mstari wa tahadhari na mstari wa kuchukua hatua, ili mkunga aliye peke yake katika kituo cha mbali ajue kwa kutazama tu ni wakati gani wa kumpeleka mama hospitali kubwa. Shirika la Afya Duniani liliisambaza katika nchi nyingi, na mwaka 2020 likatoa mwongozo mpya wa chati ambao haumpimi tena kila mama kwa kasi ile ile ya sentimita moja kwa saa. Uzuri wa patografu ni kwamba haiandikiwi mtu wa mbali, kwani msomaji wake ni yule yule anayeiandika, nusu saa baadaye.

Pamoja na hayo, imeonekana mara nyingi katika wodi za Afrika Mashariki kwamba patografu hujazwa baada ya mtoto kuzaliwa, kwa alama zilizonyooka vizuri mno, ili faili ionekane kamili kwa mkaguzi. Wauguzi hufundishwa chuoni kwamba lisiloandikwa halikufanyika, na kanuni hiyo ina maana yake mahakamani, lakini ina upande wa pili ambao haufundishwi: lililoandikwa nalo si lazima liwe lilifanyika. Pale ambapo mkunga mmoja anawahudumia akina mama kadhaa kwa wakati mmoja, na rejista, chati, fomu ya dawa na ripoti ya mwezi zinamsubiri yeye huyo huyo, atachagua kushika mkono wa mama kabla ya kushika kalamu, na ni vigumu kumlaumu. Lawama inamstahili aliyeongeza fomu ya tano bila kuondoa ya nne.

Ushahidi wa Kenya yenyewe unaonyesha njia nyingine. Taasisi ya utafiti ya KEMRI pamoja na mpango wa Wellcome Trust, zikishirikiana na Wizara ya Afya na chama cha madaktari wa watoto, zilianzisha mwaka 2013 mtandao wa hospitali za kaunti ambamo watoto wanaolazwa huandikwa katika fomu moja yenye visanduku vilivyopangwa tayari: uzito, kasi ya kupumua, uwezo wa kunywa, rangi ya viganja, na kadhalika. Baada ya mtoto kuruhusiwa kwenda nyumbani au kufariki, karani huingiza taarifa za faili katika kompyuta, na hospitali hurudishiwa ripoti inayoonyesha ni mambo gani iliyaandika na yapi iliyaacha. Ukamilifu wa maandishi ulipanda. Somo lake ni kwamba mhudumu huandika vizuri zaidi anapopewa karatasi inayomkumbusha na anapoletewa matokeo ya kile alichoandika, wakati rejista za kawaida hupeleka takwimu juu mwezi baada ya mwezi na aghalabu hakuna jibu linaloshuka.

Kuhusu kompyuta, Kenya si mwanafunzi wa jana. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, kilichoko Nandi karibu na Eldoret, kilianza kutumia mfumo wa rekodi za wagonjwa wa kielektroniki uliotengenezwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, na kutokana na uzoefu huo ikazaliwa programu huria ya OpenMRS ambayo sasa inatumika katika nchi nyingi. Kliniki za virusi vya ukimwi ndizo zilizonufaika zaidi, kwa kuwa mgonjwa anayetumia dawa maisha yake yote anahitaji rekodi isiyokatika, na kila mmoja hupewa namba ya tarakimu kumi, tano za kituo na tano zake mwenyewe. Kwa kifua kikuu kuna mfumo unaoitwa TIBU, ulioanza 2012. Lakini mifumo hiyo ilijengwa kwa ugonjwa mmoja mmoja, kwa fedha za wafadhili waliotaka hesabu ya ugonjwa wao, hivyo mkazi mwenye virusi vya ukimwi na shinikizo la damu anaweza kuwa na kumbukumbu safi kabisa ya maradhi ya kwanza na ya pili ikawa imeandikwa katika daftari la shule. Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada ya nje Januari 2025, mifumo iliyotegemea fedha hizo iliyumba pamoja na kliniki zake.

Sheria zipo, tena za kutosha. Katiba inalinda faragha katika Kifungu cha 31 na haki ya afya katika Kifungu cha 43; Sheria ya Afya ya 2017 inalazimisha usiri wa taarifa za mgonjwa; Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka taarifa za afya katika kundi la data nyeti, na inampa mhusika haki ya kuzipata na kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa; na Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 imeunda wakala wa kusimamia mfumo wa taarifa unaokusudiwa kuunganisha nchi nzima. Kinachosumbua ni utekelezaji. Mwaka 2018 katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, vitambulisho vya wagonjwa wawili vilichanganywa, na mtu ambaye hakuhitaji kupasuliwa akafunguliwa fuvu la kichwa, tukio lililoonyesha kwamba karatasi ndogo kuliko zote, ile ya jina, ndiyo inayobeba nyingine zote. Katika kesi za ubakaji na za kupigwa, fomu ya polisi ya P3 na ile ya MOH 363 inayojazwa baada ya ubakaji huandamana mahakamani na maandishi ya matibabu ya siku ya kwanza, na mara nyingi maandishi hayo ni ukurasa wa daftari. Tabibu aliyeandika maneno mawili kwa haraka huenda amemnyima haki mtu ambaye hatamwona tena.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya bima ya NHIF iliyokuwapo tangu 1966, rekodi imepata kazi mpya ya kuwa hati ya madai ya malipo. Mabadiliko hayo yana hatari yake, kwa sababu andiko linaloleta fedha hupinda kuelekea fedha, na mwaka 2025 Wizara ya Afya yenyewe ilivishutumu baadhi ya vituo kwa kuwaandika wagonjwa wa nje kuwa walilazwa. Uongo wa namna hiyo huiba mara mbili: fedha za umma leo, na kesho tabibu mwingine atasoma katika mfumo kwamba mgonjwa aliwahi kulazwa kwa maradhi ambayo hakuwahi kuugua.

Suala la nani anamiliki mifumo na data hizo nalo halijatulia. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ya Machi 2025 ilisema kwamba mfumo wa kidijitali unaoendesha SHA, wa thamani ya shilingi bilioni 104.8, haumo mikononi mwa serikali, na Desemba 2025 Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda sehemu za mkataba wa afya baina ya Kenya na Marekani zilizohusu kupeleka data za afya nje. Mijadala hiyo ni ya maana, ingawa kwa mpangaji wa chumba kimoja chenye ukuta wa mabati faragha huanza karibu zaidi: mhamasishaji wa afya ya jamii anayetembea nyumba kwa nyumba na simu ya serikali, mmoja wa wale zaidi ya 100,000 waliopewa vifaa mwaka 2023, mara nyingi ni jirani yake, na jina linaloitwa kwa sauti dirishani mwa kliniki husikika na foleni nzima.

Kwa hiyo kuungoja mfumo mkuu uunganishe kila kituo ni kumwacha mkazi wa Kware bila rekodi kwa miaka isiyojulikana. Hatua iliyo karibu ni kulikubali daftari na kulipandisha hadhi: kijitabu kilichochapwa kwa Kiswahili na Kiingereza, chenye namba moja ya mgonjwa inayolingana na ile ya kituo, ukurasa wa maradhi ya kudumu, mzio na kazi anayoifanya mtu, na kurasa zenye sehemu nne za Weed, kitolewe katika vituo vya umma na kitambuliwe na kliniki za binafsi, na mfumo wa kompyuta ukifika umkute mgonjwa na historia iliyopangika. Gharama yake ni ndogo mno mbele ya bilioni 104.8, na Kaunti ya Kajiado ina mamlaka ya kukichapa bila kungoja Nairobi, maana huduma za afya za kaunti ziko chini yake tangu 2013. Idara yake ya afya ianze nacho katika zahanati za Kware na Kitengela.